Kura Tatu Zilizobaki Mlimani

Njia ya Kijito cha Sawbill,
Bonde la Harlow,
Montana.

Jumapili, 9 Desemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Thora,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba yako yote. Hujambo? Shemeji Graham naye hajambo? Goti lake je, bado linamsumbua akiteremka mteremko, au yule daktari mpya amelipatia dawa? Nasikia huko kwenu kusini mwa dunia kondoo wenu wamekwisha kukatwa sufu na mnakula chakula nje, jua likiwawakia. Kuleni raha. Sisi huku theluji imefika kwenye dirisha la zizi, na asubuhi ya leo nimevunja barafu kwenye birika la kunyweshea ng'ombe kwa shoka.

Afya zetu si mbaya. Mgongo wangu ni ule ule. Wifi yako Bernadine ni mzima wa mwili, ila ananisemesha kwa kipimo. Asubuhi "kahawa iko hapo," mchana "chakula tayari," jioni "zima taa," basi. Sababu anayo, utaiona mbele. Yule nyumbu mzee wa mizigo, Dolly, bado yupo, hataki kufa na hataki kufanya kazi.

Ujumbe wako wa mwezi uliopita niliupata. Uliandika, "Kaka, asante kwa kumsimamia mwanangu kama baba yake." Bernadine aliuchapa akaubandika kwenye mlango wa friji, makusudi, usawa wa macho yangu. Kila nikienda kuchukua maziwa nakutana nao. Thora, hiyo asante si yangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Utajiuliza mbona sikupiga simu kama watu wengine. Nimeishika simu mara tatu. Najijua mimi. Ukiitika tu nitaanza habari za majani ya ng'ombe, utacheka, nitacheka, halafu nitakata bila kusema lolote. Karatasi haicheki, kwa hiyo acha niandike.

Maren ameshakueleza kwamba alishindwa uchaguzi. Amekueleza pia kwamba ni kwa kura mbili, elfu mbili mia mbili na kumi na nne za mpinzani wake Rasker kwa elfu mbili mia mbili na kumi na mbili zake, na kwamba zilihesabiwa upya zikatoka vile vile. Asichokueleza, kwa sababu binti yako ana staha kuliko mjomba wake, ni kwamba kaka yako hakupiga kura. Si mimi peke yangu. Tulikuwa watatu, mimi, Orrin Tafte na Leland Boyce, na wote watatu tulikuwa watu wa Maren.

Haya, nimeshasema. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ukishaanza kunitukana, na haki hiyo unayo, nataka unitukane kwa jambo lenyewe.

Unakumbuka kule juu, kijito kinapochimbuka, pale Baba alipotufundisha kuogelea na wewe ukang'atwa kidole na kaa? Ile ardhi ni ya jimbo, kila mtu anaingia, anavua, anawinda, anaondoka. Mwaka jana uliletwa bungeni Helena muswada wa kuiuza kwa kampuni moja inayotaka kufunga geti na kuchimba. Muswada ulianguka kwa kura moja, na kura yenyewe ilikuwa ya mama Eunice Haugen, mbunge wetu. Mwaka huu Eunice amestaafu, kiti kikawa wazi. Rasker alisema waziwazi kwamba ataunga mkono kuuza. Maren akasema hapana, akaingia kugombea. Kiti kile kilikuwa na maana hiyo tu, na bonde zima lilijua.

Rasker si mtu mbaya, nikuambie. Aliwahi kulitoa trekta langu mtoni na hakutaka hata ahsante. Ila anaona kazi arobaini za mgodi, haoni maji. Wale watu wa uhifadhi wa Helena walimchunguza kila mgombea, wakamchagua binti yako kumuunga mkono, wakatuma kwenye kila sanduku la barua picha yake ameshika samaki, trauti mkubwa kama mkono wangu. Leland alisema hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mwanasiasa aliyewahi kuiamini, kwa sababu samaki alikuwa hatabasamu.

Kuanzia Juni hadi Oktoba mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Huko tulikokwenda, Thora! Kila njia ya vumbi, kila geti. Yeye anabisha hodi, mimi natuliza mbwa wa watu. Siku moja nilijaribu kumsaidia kueleza mambo ya mgodi, nikaanza kubishana na mwenye nyumba. Tuliporudi garini akaniambia, "Mjomba, wewe endesha. Ukifungua mdomo tunapoteza kaya nzima."

Kwa bibi Alma Strand ndiyo nilicheka. Alichungulia kwenye wavu wa mlango akauliza, "Wewe ndiye mtoto wa Thora? Yule aliyetukimbia akafuata kondoo mwisho wa dunia?"

"Ndiye mimi, bibi," akajibu Maren. "Yeye alifuata kondoo, mimi nimerudi kufuata samaki."

"Ingia basi. Una mdomo wa mama yako."

Tulikula pai ya zambarau-mwitu hadi nikafungua kishikizo. Na alipokuwa anaaga, Maren akamuuliza bibi yule atapiga kura siku gani. Jumanne, akasema. "Saa ngapi?" Bibi akashtuka, "Ala! Mtoto huyu! Saa nne, nikitoka kutengeneza nywele." Maren akaandika kwenye daftari: Alma Strand, saa nne.

Ndivyo alivyokuwa akifanya kila nyumba. Nilimuuliza njiani anaandika saa za watu za nini. Akanieleza kwamba mtu akisema tu "nitapiga" bado hajapiga, lakini akishaitaja saa, ameshaanza kuipanga siku yake. Kisha akanigeukia na ile kalamu. "Na wewe, Mjomba, saa ngapi?"

"Mimi?" nikamwambia. "Usinipotezee wino."

Hakuniandika. Mimi ndiye mtu pekee wa bonde hili ambaye hakumwandika.

Septemba alituletea fomu za kupiga kura kwa posta. Bernadine alijaza yake hapo hapo. Miaka yote anapiga kura jikoni, miguu kwenye kiti, kahawa mkononi. Mimi nilikataa. Nikaanza hotuba yangu ile, kwamba Baba alikwenda kituoni kwa miguu yake kwenye theluji na mimi nitakwenda kwa miguu yangu, silambi bahasha. Maren aliiacha fomu nyuma ya redio akasema, "Ukibadili mawazo." Nikaiwashia jiko mwezi uliofuata. Hata sikufikiri.

Jambo jingine ni kambi yetu. Unajua sisi watatu tunapanda mlimani kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, wiki ya kwanza ya Novemba, na hatujakosa hata mwaka mmoja katika miaka thelathini na moja. Uchaguzi ukaangukia Jumanne ya tarehe sita, katikati ya wiki hiyo. Maren alinibembeleza. "Mwaka huu nendeni Jumatano, Mjomba. Elki hawaendi popote." Nikamwambia atulie, Jumanne tutashuka mapema, adhuhuri tutakuwa kituoni. Bernadine alikuwa anaosha vyombo. Vyombo vilianza kugongana.

Jumanne kulipokucha, Orrin alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Leland alikuwa anachemsha kahawa na kulalamika kuhusu soksi zake. Nilitoka kwenda kufungua nyumbu, na pale kwenye theluji mpya nikaona nyayo. Dume, Thora, mkubwa, na nyayo bado hazijaganda. Damu ikanichemka. Mwaka jana nilirudi mikono mitupu na Orrin hakuacha kunikumbusha.

"Saa moja tu," nikawaambia. Orrin akatazama mizigo, akatazama saa yake, akasema, "Halvor, leo siku ya Maren." Nikasema najua siku ya nani, saa moja tu.

Saa tatu asubuhi nikampiga. Risasi moja. Pembe zenye ncha sita kila upande, na mwili wa kutisha. Lakini alikimbia kabla ya kuanguka, akaporomokea kwenye lile korongo ambalo hata mbuzi-mlima hulitazama mara mbili. Ikabidi tumkate vipande kule chini, tumpandishe kwa migongo yetu hadi kambini, mafungu mawili, kisha tupakie nyumbu tuteremke maili kumi na moja kwenye theluji ya magoti. Dolly alilala njiani mara mbili na mzigo.

Tulifika garini giza limeingia. Niliendesha ile barabara kama mwendawazimu. Vituo hufungwa saa mbili usiku. Tulifika shuleni, kwenye kituo chetu, saa mbili na dakika kumi na nane. Doreen Aasen, yule uliyesoma naye, alikuwa anakunja meza kule ndani. Nilibisha kwenye kioo. Alitutazama watatu tulivyosimama na damu hadi viwikoni, akainua kidole akatuonyesha saa ya ukutani.

Kutoka pale nilikwenda ukumbini ambako watu wa Maren walikuwa wanangoja matokeo. Aliniona mlangoni akaja mbio akanikumbatia na lile koti langu chafu. "Umefika! Umepiga, Mjomba?"

Nikamjibu, "We! Kwani mimi mtoto?"

Unaona ujanja wa jibu hilo? Sikusema ndiyo. Nimejitetea kwa hilo wiki nzima, eti sikusema ndiyo. Alicheka, akanishika mkono, akanipeleka kwenye meza ya chakula. Nilikula. Sijui nilikula nini.

Kesho yake zikatangazwa hizo kura mbili. Nilikuwa zizini na redio. Nilikaa juu ya ndoo, Thora, nikafanya ile hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Mbili pungufu, watatu sisi. Angeshinda kwa moja. Niliirudia na kuirudia, nikitumaini itatoka vingine. Bernadine alinikuta pale. Akanitazama tu, akajua. Miaka thelathini na minane ya ndoa haimfichi mtu.

"Hukupiga," akasema.

"Sikupiga."

"Utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Tangu hapo ndiyo ananisemesha kwa kipimo. Na sikumwambia Maren. Nilijiambia nangoja kura zihesabiwe upya, labda mashine ilikosea, labda mambo yatajirekebisha na hakutakuwa na la kuungama. Nikawaomba Orrin na Leland nao wanyamaze. Leland alikubali haraka. Orrin alikubali, lakini tangu siku hiyo hakuja kunywa kahawa.

Sikukuu ya Shukrani Maren alikula kwetu. Bernadine alimwoka yule elki. Mwingine angetoa kuku, wifi yako akatoa elki. Mimi ndiye niliyesali, nikashukuru kwa familia na kwa ukweli wa watu wanaopendana. Nilisema neno hilo, ukweli. Sijui ulimi wangu uliliokota wapi.

Maren alikula, akaomba aongezwe. Nilikuwa namkatia kipande kingine aliponiuliza, "Laini kweli huyu. Ulimpiga siku gani, Mjomba?"

"Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu," akasema naye, akala.

Siku kura zilipohesabiwa upya mimi ndiye niliyempeleka mjini. Tulikaa kwenye benchi saa nne nzima. Walipotoka kusema bado ni mbili, hakulia. Njiani kurudi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha. Akasema polepole, "Watu wawili tu wangesawazisha, Mjomba. Watatu nimeshinda. Unadhani ni akina nani hao?" Nikamjibu hilo Mungu ndiye anayejua, nikawasha redio. Eeh, Thora. Nikawasha redio.

Sasa nifike Jumapili iliyopita. Maren alikuja baada ya kanisa na karatasi mkononi, akakaa pale pale unapokaa wewe ukija. Akaniambia kwamba baada ya uchaguzi kila mgombea anaweza kupata orodha ya waliopiga na wasiopiga. Haionyeshi mtu alimpigia nani, inaonyesha tu kama alikuja. Ameilinganisha na daftari lake, akapata watu arobaini na sita waliomwahidi na hawakuonekana. "Nusu yao wanakujua wewe," akasema. "Wapigie simu. Usimlaumu mtu. Muulize ilikuwaje, uandike alivyosema kwenye hiyo safu ya Sababu. Wale wa uhifadhi wanataka kujua tulipopwaya, tusirudie miaka miwili ijayo."

Nikaichukua karatasi. Imepangwa kwa majina ya ukoo. Boyce, Leland. Nikaruka haraka. Nikashuka na kidole kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Tafte, Orrin. Chini yake, limeongezwa kwa kalamu: Tveit, Halvor.

Bernadine alisimama akaenda kulisha kuku. Tulikwisha kulisha kuku asubuhi.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tarehe kumi na sita."

Yaani kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Kabla ya mle garini. Nikamwambia basi ulipokula ile nyama...

"Nilipokula ile nyama nilikuwa nimeshapita bandani, Mjomba. Nimeziona pembe. Kile cheti cha uwindaji unachotakiwa kukikata penye tarehe uliyompiga mnyama, umekikata penye tarehe sita. Wewe ni mtu wa sheria, hukukidanganya cheti. Ukanidanganya mimi." Hapo ndipo alipolia. "Nilikuuliza mezani, ukasema Jumatatu. Nikakuuliza garini, ukawasha redio. Ningeshindwa kwa kura mia ningelala usingizi. Kiti kimekwenda, sawa, nitagombea tena. Lakini wewe ulikuwa unaniongezea nyama huku unanidanganya."

Nilimwambia nisamehe, mwanangu. Akafuta macho kwa mkono wa sweta, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. "Sijui bado," akasema. "Ule muswada unarudi Februari. Nitakwenda Helena kusema mbele ya kamati kama raia, labda utaanguka, labda hautaanguka. Niulize bunge likishafungwa." Akafika mlangoni akageuka. "Na usianze na Boyce. Anza na huyo wa mwisho."

Wiki hii nimepiga simu. Nimepiga zote ishirini na tatu, nimeandika kila mtu alivyosema, bila kupamba. Mmoja ng'ombe alikuwa anazaa. Mmoja aligombana na mkewe wakashindana nani atabaki na watoto, wakabaki wote. Bibi Alma Strand, yule wa saa nne, mtengeneza nywele alichelewa naye akasikia aibu kwenda na rola kichwani. Alilia kwenye simu, nikambembeleza. Fikiria, mimi nikimbembeleza mtu kwa kosa hilo.

Leland aliniambia niandike chochote. Nikaandika "alimfuata Halvor," maana ndivyo ilivyokuwa.

Orrin nilimwacha wa mwisho. Aliposikia ninachouliza, akalipuka. "Wewe ndiye unaniuliza mimi kwa nini sikupiga kura? Halvor, una uso mkavu wewe!"

Nikamwambia nimetumwa, si kiherehere changu. Nikamsomea nilichokwisha kuandika kwenye mstari wangu: nyama ilikuwa mlimani.

"Nyama ilikuwa mlimani," akasema. "Hayo ndiyo utakayompa yule binti? Na nilikuambia nini mimi pale korongoni? Na wewe ukanijibu nini?"

Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Unakumbuka," akakata.

Ninakumbuka, Thora. Hili sijamwambia Maren, wala Bernadine, na wewe ndiye wa kwanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Elki alikuwa ameshakatwa, nyama imelala juu ya theluji. Kulikuwa na baridi ya kugandisha pumzi. Orrin akasema tuitundike juu ya mti, dubu asiifikie, tushuke mikono mitupu, kesho turudi nayo. Kila mwindaji anafanya hivyo. Ile nyama ingekaa kule siku tatu isiharibike hata kidogo. Saa tisa tungekuwa kituoni. Na kwetu mtu haondoki akamwacha mwenzake na mnyama chini, hata uwe nani. Kwa hiyo wasingeshuka mpaka mimi niseme. Walikuwa wamesimama wananitazama, kisu mkononi, wakingoja mwenye mnyama aseme neno.

Na mimi nilitaka kushuka na pembe zile siku hiyo hiyo. Nilitaka kuingia nazo ukumbini. Nikamwambia Orrin, "Acha hizo. Kura tatu zitabadilisha nini?"

Ndivyo nilivyosema. Leland alicheka kidogo. Orrin hakucheka, aliinama akabeba paja begani.

Si dubu, si theluji, si Dolly. Nilizunguka na binti yako miezi mitano nikimsikia akiwaambia watu mlango hadi mlango kwamba kila kura ina uzito, na moyoni sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya kampeni.

Nikitoka kutia barua hii posta kesho nitapitia kwake kumrudishia orodha. Nimefuta nilichoandika kwenye mstari wangu. Kwenye safu ya Sababu nimeandika yale maneno manne, kama yalivyotoka mdomoni mwangu, na nitasimama pale pale ayasome.

Msalimie sana shemeji Graham, na mwambie asinitetee. Nisalimie kijana wenu Piers na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Bernadine anakusalimu, alipita hapa akasoma ukurasa wa kwanza begani kwangu, akaniwekea kahawa bila kusema iko wapi. Mungu awalinde huko mliko, awape mvua kwa wakati wake, na akupe moyo wa kuniandikia, hata kama ni matusi matupu.

Wako akupendaye, asiyestahili ile asante,

Kaka yako,
Halvor Tveit